Amplifaya ya country: historia ya watu waliokataa mkwaruzo

Leo hakuna hifadhidata wala msimbo, leo ni gitaa. Swali ambalo nimekuwa nikiulizwa na vijana wanaopiga country hapa Nairobi ni hili: ukiwa na pesa ya kununua amplifaya moja tu, ununue ipi? Ukimuuliza mtu yeyote anayejua muziki huo atakwambia Fender Twin Reverb, na hatangoja umalize swali. Jibu hilo si baya. Lakini ni jibu lililopatikana California mwaka wa 1963, na lilitatua matatizo ya watu wa California wa 1963. Ukilinunua bila kujua matatizo hayo yalikuwa yapi, unaweza kujikuta na sanduku la karibu kilo 29, lenye wati 85, ambalo makanga hataki kuliona ndani ya matatu, mwenye baa hataki kulisikia, na wewe mwenyewe hutawahi kulifungulia volyumu kupita namba tatu.

Sisi tunaoandika programu tunalijua jambo hili. Ukikuta msimbo wa ajabu ulioandikwa na mtu miaka kumi iliyopita, usiufute na usiunakili mpaka ujue aliuandika kwa sababu gani. Basi tutafute sababu.

Kwanza tusijifanye country ni mgeni kwetu. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa Mississippi anayeitwa baba wa country, jina lake likiwa limepita katika ulimi wa Kikalenjin. Santuri zake zilikuwa zimefika huku, na katika wimbo ule amegeuka kiumbe nusu mtu nusu paa. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933. Baadaye redio ikatuletea Jim Reeves mpaka wazee wetu wakamjua kama jirani, na katika miaka yetu Elvis Otieno, ambaye wengi wanamjua kama Sir Elvis, amejijengea jina kwa kuimba country papa hapa nchini. Kwa hiyo swali la amplifaya ni letu pia, hata kama majibu yake yote yalizaliwa Marekani.

Jimmie Rodgers mwenyewe hakuhitaji amplifaya. Alikuwa na gitaa kavu, sauti yake, na maikrofoni ya kurekodia. Shida ilianza watu walipotaka kucheza dansi.

Miaka ya 1930 huko Texas na Oklahoma kulikuwa na bendi zilizopiga kile kilichokuja kuitwa western swing: fidla, banjo, piano, besi, baadaye hata ngoma na tarumbeta, katika kumbi zenye mamia ya watu. Desemba 1933 Marekani iliondoa marufuku ya pombe, baa zikafunguliwa kila mahali, na kelele zikaongezeka. Katika ukumbi kama huo gitaa kavu ni pambo tu. Mpigaji anaonekana akitokwa jasho lakini hasikiki. Januari 1935 Bob Dunn, wa bendi ya Milton Brown iliyoitwa Musical Brownies, alirekodi akipiga stili gitaa iliyounganishwa na amplifaya. Hizo ni miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za gitaa la umeme.

Kwa asiyejua, stili gitaa ni ile inayolazwa mapajani, na badala ya kubonyeza nyuzi kwa vidole unateleza juu yake kwa kipande cha chuma. Ilitoka Hawaii. Ukisikia wimbo wa country wenye sauti inayolia kama mtu aliyeachwa, hiyo ndiyo. Wapigaji wa stili ndio waliokuwa wateja wa kwanza wa amplifaya. Wakumbuke hao, kwa sababu mwishoni watarudi na kutuokoa.

Amplifaya za wakati ule zilikuwa ndogo. Kimsingi zilikuwa nusu ya redio: ondoa sehemu ya kushika stesheni, bakiza vali za kukuza sauti, weka spika ya inchi 8 au 10, funga ndani ya sanduku. Ndiyo maana mtu aliyezibadilisha hakuwa mwanamuziki bali fundi wa redio.

Leo Fender alizaliwa mwaka wa 1909 karibu na Fullerton, California. Alisomea uhasibu, kazi ya uhasibu ikamtoka mikononi wakati wa mdororo wa uchumi, na mwaka wa 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Hakujua kupiga gitaa na hakuwahi kujifunza. (Nampenda kwa hilo. Nimeandika programu za hospitali bila kujua kudunga sindano.) Mwaka wa 1945 yeye na Doc Kauffman walianza kampuni ndogo iliyoitwa K&F, wakiuza seti: stili gitaa moja na amplifaya yake. Mwaka uliofuata Kauffman akajitoa, na Leo akaendelea peke yake kwa jina lake.

Sasa hapa watu hupenda kumfanya mchawi. Saketi zake za mwanzo hazikuwa uchawi. Watengenezaji wa vali kama RCA walichapa vitabu vilivyojaa michoro ya saketi iliyo tayari, ili ununue vali zao, na amplifaya za Fender za mwanzo zinafanana sana na michoro hiyo. Ndani ya sanduku kulibandikwa karatasi iliyosema kwamba kifaa kimepewa leseni chini ya hataza za Western Electric, kampuni ya mambo ya simu. Yaani alianza na maktaba za watu wengine, kama sisi sote.

Alichokuwa nacho Leo ni vitu viwili. Cha kwanza, alikuwa fundi, kwa hiyo alijenga kitu ambacho fundi mwenzake anaweza kukifungua. Sehemu zote zilipangwa juu ya ubao mmoja, nyaya zinaonekana, na ile karatasi ya ndani ilikuonyesha vali gani inakaa wapi. Ndiyo maana amplifaya za miaka ya 1950 bado zinafanya kazi leo.

Cha pili ndicho kilichoamua sauti ya country. Leo alikuwa na wajaribu. Kusini mwa California kulijaa wahamiaji kutoka Oklahoma, Texas na Arkansas waliofukuzwa na ukame na umaskini wa miaka ya 1930, na wakaja na muziki wao. Wanamuziki wao walileta vifaa dukani Fullerton kutengenezwa, na Leo akawakabidhi kazi ambazo hazijakamilika wakazipige jukwaani kisha warudi walalamike. Jimmy Bryant, mpigaji mwenye vidole vya kasi ya kutisha, alikuwa kati ya wa kwanza kuonekana na lile gitaa la ubao mtupu lililotoka mwaka wa 1950 kwa jina la Broadcaster na ambalo mwaka wa 1951 lilibadilishwa jina kuwa Telecaster. Bill Carson, mpigaji wa western swing, alilalamika mpaka malalamiko yake yakaingia katika Stratocaster ya 1954. Wateja wa Leo hawakuwa wana roki, kwa sababu roki ilikuwa haijazaliwa. Walikuwa watu wa country, na walalamishi hawa walikuwa na lalamiko moja kubwa kuhusu amplifaya: nikiongeza sauti, inakwaruza.

Ngoja nieleze mkwaruzo, maana kila kitu kinasimama hapo.

Amplifaya hupokea wimbi dogo kutoka kwenye pikapu ya gitaa (si ile ya kubebea mboga) na kulikuza. Ina kikomo. Ukiidai zaidi ya uwezo wake, vilele vya wimbi hukatwa vikawa bapa. Wale wa tarakilishi, fikirieni sauti ya biti 16: namba kubwa kuliko zote ni 32,767, na chochote kinachotaka kupita hapo kinabaki 32,767. Wimbi lililokuwa mlima sasa ni meza. Sikio linasikia meza hiyo kama mkwaruzo. Umbali uliopo kati ya sauti unayopiga sasa na pale mkwaruzo unapoanza nitauita akiba ya nguvu.

Kwa nini watu wa country waliuchukia? Si kwa sababu walikuwa washamba au wacha Mungu kuliko wengine. Ni kwa sababu ya namna wanavyopiga. Mpigaji wa Telecaster katika country hupenda kuiga stili: anapiga nyuzi mbili kwa pamoja, moja anaishikilia palepale, nyingine anaivuta polepole mpaka ifike kwenye noti anayoitaka. Uzuri wote uko katika noti mbili kukutana. Sasa, saketi inayokata vilele, ukiipa noti mbili kwa wakati mmoja, haitoi hizo mbili zilizochafuka tu. Inazaa noti nyingine, jumla na tofauti za zile mbili, na nyingi kati ya hizo hazimo katika wimbo. Noti moja ikikwaruza inaweza kuwa tamu. Noti mbili zinazovutana zikikwaruza ni ugomvi wa paka. Ongeza na ule upigaji wa kudonoa haraka haraka kama kuku, ambapo kila noti lazima ianze kwa mdundo wake. Mkwaruzo hulainisha mianzo hiyo yote ikawa uji.

Kwa hiyo kuanzia miaka ya 1950 historia ya amplifaya za country ni historia ya kutafuta akiba ya nguvu.

Wa kwanza kuipata vizuri hakuwa Fender. Alikuwa Bob Crooks, mtengenezaji mdogo wa California ambaye mwaka wa 1953 alitoa amplifaya iitwayo Standel 25L15. Jina lake ni maelezo yake: wati 25, spika ya Lansing, inchi 15. Wati 25 si nyingi, lakini spika ile ya JBL ilikuwa na ufanisi mkubwa mno. Hapa kuna hesabu ambayo ingewaokolea watu pesa nyingi kama ingebandikwa katika kila duka la muziki: kuongeza wati maradufu kunakupa desibeli 3 tu. Spika yenye ufanisi zaidi kwa desibeli 3 inakupa hizo hizo, bila kugusa amplifaya. Crooks alielewa hilo. Merle Travis, Speedy West wa stili, Joe Maphis na Chet Atkins wote walitumia Standel.

Chet Atkins pia alipenda kisanduku kingine, EchoSonic, kilichotengenezwa na Ray Butts katika mji mdogo wa Cairo, jimbo la Illinois. Ndani ya amplifaya hiyo mlikuwa na mashine ya tepu iliyotoa mwangwi. Scotty Moore, mpigaji gitaa wa Elvis Presley, alipata yake mwaka wa 1955. Ziliundwa chache, kwa mkono, zikaishia hapo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa programu nyingi nzuri pia.

Fender alikuwa na kiwanda, na alisogea hatua kwa hatua. Amplifaya ya Twin ilianza mwaka wa 1952, spika mbili za inchi 12, karibu wati 25. Watu wakasema inakwaruza. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 Twin ilikuwa na vali nne za kutoa nguvu badala ya mbili na takriban wati 80. Mwaka wa 1963 ikaja Twin Reverb, yenye uso mweusi, wati 85, tremolo, na mwangwi wa springi ndani yake. Mwangwi huo ulitoka kwenye vinanda vya kampuni ya Hammond: sauti inapitishwa katika springi ndefu, inagonga huku na huku, inarudi imechelewa, na wewe unasikia kama uko ndani ya ukumbi mkubwa.

Mji ulioifanya Twin na ndugu zake kuwa sheria ni Bakersfield, kaskazini ya Los Angeles, mji wa mafuta na pamba uliojaa wale wahamiaji na watoto wao. Nashville wakati huo ilikuwa ikilainisha country kwa vinanda na kwaya ili iuzike mjini. Bakersfield ilikuwa na baa. Buck Owens alipiga gitaa kwa miaka katika baa iitwayo Blackboard kabla dunia haijamjua. Mwaka wa 1963 alitoa Act Naturally, ikashika namba moja katika chati za country, na mwaka wa 1965 Beatles wakaiimba. Yeye na Don Rich walisimama pembeni kwa pembeni na Telecaster mbili, amplifaya za Fender nyuma yao, sauti kali kama kioo. Ukali ule ulikuwa wa makusudi. Owens alitaka santuri zake zisikike vizuri katika spika ndogo ya redio ya gari, ambayo besi haiwezi kuitoa hata ukiiomba kwa magoti. Mtu anayejaribu tovuti yake kwenye simu ya bei rahisi kabla ya kuijaribu kwenye skrini kubwa anafanya vilevile. Machi 1966 walipiga Carnegie Hall, New York, na rekodi ya usiku ule bado ni somo zuri kuliko kitabu chochote cha amplifaya: sauti ya gitaa inakata kila kitu, na hakuna mkwaruzo.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, msimbo huo huo ulichukua njia nyingine. Jim Marshall, mwenye duka la ngoma London, na mafundi wake walichukua mchoro wa Fender Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaujenga upya kwa sehemu walizoweza kupata Uingereza, na mwaka wa 1962 na 1963 wakawa na amplifaya yao, JTM45. Vijana wa Uingereza waliizidisha mpaka ikakwaruza, wakasema hiyo ndiyo sauti wanayoitaka. Saketi ni karibu ile ile. Kwa Buck Owens mkwaruzo ulikuwa hitilafu, kwa Eric Clapton ulikuwa ndiyo huduma yenyewe.

Na hapa historia inacheka kidogo, kwa sababu kifaa cha kwanza cha kukwaruza kwa makusudi kilichouzwa kwa wingi kilizaliwa katika studio ya country. Katika kurekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao Don't Worry, uliotoka mwaka wa 1961, mpigaji Grady Martin alikuwa na besi ya nyuzi sita, na njia yake katika mashine ya kuchanganyia sauti ikaharibika. Ikatoka sauti kama nyuki ndani ya debe. Wangeweza kurudia. Hawakurudia, na wimbo ukashika namba moja. Mhandisi wa studio, Glenn Snoddy, akachunguza kilichoharibika, akaunda saketi ya kukifanya kwa hiari, na mwaka wa 1962 Gibson wakaanza kuiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka wa 1965 Rolling Stones waliitumia katika Satisfaction, na ghala likaisha. Country ilizaa mkwaruzo, ikautazama, ikawaachia wengine wamlee mtoto.

Januari 1965 Leo aliiuza kampuni kwa CBS kwa dola milioni 13. Wapenzi wa vitu vya zamani husimulia sehemu hii kama msiba, na ni kweli kwamba wahasibu walianza kubana sehemu. Lakini sikiliza wanacholalamikia: kwamba Twin za uso wa fedha, zilizofuata mwishoni mwa miaka ya 1960, zilifanywa safi mno, hazikwaruzi vizuri, na kwamba mwaka wa 1977 zilifikishwa wati 135. Hayo ni malalamiko ya wapiga roki. Kwa mtu wa country hiyo ni sifa. Kwa miaka mingi amplifaya hizo ziliuzwa bei ya chini kuliko zile za uso mweusi kwa sababu tu soko lilisikiliza kundi moja. Ukikutana na moja ya mtumba usiikimbie kwa ajili ya rangi.

Sasa wale wapigaji wa stili niliowaahidi.

Kufikia miaka ya 1950 stili ilikuwa imepewa miguu na pedali zinazovuta nyuzi, na mpigaji anakaa na mguu mmoja juu ya pedali ya volyumu. Siri yake ni hii: anapiga noti akiwa ameibana volyumu, na kadiri noti inavyofifia anaifungua taratibu, ili sauti ikae palepale kwa muda mrefu kama pumzi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya amplifaya haitumiki mwanzoni, inawekwa akiba kwa ajili ya mkia wa noti. Hakuna mpigaji anayekula akiba ya nguvu kama huyu. Wati 85 za vali zilimtosha kwa shida.

Hartley Peavey, aliyeanzisha kampuni yake huko Meridian, Mississippi, mwaka wa 1965, alitoa Session 400 mwaka wa 1974 ikiwa imeundwa kwa ajili ya hao: transista badala ya vali, wati 200, spika ya inchi 15. Wapigaji wa stili waliichukua kwa mikono miwili. Hawakuandamana kutetea vali. Hawakusema transista hazina roho. Walikuwa na hitaji moja, sauti safi yenye akiba, na kifaa kilichotimiza hitaji hilo kilikuwa chepesi kwa bei na hakikuhitaji vali mpya. Mwaka wa 1975 Roland nao wakatoa JC-120, ya transista pia, na mpaka leo watu wakitaka kueleza sauti safi huitaja.

Naisisitiza hadithi hii kwa sababu maduka yetu, na vijana wetu, wamerithi imani ya roki kwamba amplifaya ya kweli ni ya vali. Vali hupendwa kwa namna zinavyokwaruza: zinakata vilele kwa upole. Kama hutaki kukwaruza kabisa, unalipia upole ambao hutautumia. Sisemi hakuna tofauti. Vali hubana sauti kidogo hata kabla ya mkwaruzo, na kidole kinasikia. Lakini ukiwa Nairobi, ambapo vali nne za 6L6 utaziagiza kutoka ng'ambo na kuzilipia ushuru, hesabu yako si sawa na ya mtu wa Bakersfield aliyezinunua kwenye duka la jirani.

Na kuna kitu kingine kilichobadilika, kikubwa kuliko vali. Mwaka wa 1963 vipaza sauti vya ukumbini vilikuwa vya mwimbaji tu. Gitaa lilijaza ukumbi kwa amplifaya yake mwenyewe, basi. Wati 85 zilikuwa jibu kwa hitaji hilo. Leo, hata katika baa ya kawaida, kuna meza ya kuchanganyia sauti na spika za ukumbi. Unaweka maikrofoni mbele ya amplifaya na kazi ya kujaza ukumbi si yako tena. Hitaji lililozaa Twin limeondoka, Twin imebaki. Ndiyo maana katika studio za Nashville utamkuta mtu kama Brent Mason, ambaye gitaa lake liko katika nyimbo nyingi za miaka ya 1990, anajulikana kwa Deluxe Reverb, ndugu mdogo wa Twin mwenye wati 22. Brad Paisley yeye alikwenda kwa Vox AC30, ya Kiingereza kabisa, na hakuna anayemwambia hapigi country.

Tofauti kati ya wati 22 na 85 ni chini kidogo ya desibeli 6. Sikio huhitaji karibu desibeli 10 ili liseme sauti imeongezeka maradufu. Fanya hesabu hiyo kabla ya kukopa.

Kwa hiyo mimi, mtu akiniuliza, humuuliza kwanza anapiga wapi. Kama ni baa yenye maikrofoni, amplifaya ya wati 20 hadi 40 yenye spika ya inchi 12 inatosha, ya vali kama unaweza kuitunza, ya transista kama huwezi. Pesa inayobaki iende kwenye spika yenye ufanisi. Kama ni uwanjani au harusi ambapo mfumo wa sauti ni wa kubahatisha, hapo ndipo Twin au Peavey kubwa inarudi kuwa na maana. Tangu 2019 Fender wamekuwa wakiuza Tone Master, ambayo ni programu inayoiga saketi ya Twin ndani ya sanduku linalofanana nayo, kwa uzito wa karibu nusu. Mimi naandika programu kwa hivyo nina upendeleo, lakini kwa sauti safi kuiga ni kazi rahisi zaidi kuliko kuiga mkwaruzo, na mgongo wako hautajua tofauti isipokuwa kwa furaha.

Neno kuhusu stima. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120 na mizunguko 60. Yetu ni 240 na 50. Ukiichomeka moja kwa moja, ukiwa na bahati itaungua fyuzi peke yake. Soma lebo ya nyuma, tafuta transfoma ya kushushia yenye uwezo angalau mara mbili ya wati zinazoandikwa hapo (wati za kutumia stima, si zile za spika), na tegemea transfoma ya ndani ipate joto zaidi kidogo kwa sababu ya ile mizunguko 50. Kama ni ya vali, usiifungue kwa udadisi. Kapasita za Twin hukaa na zaidi ya volti 400 hata baada ya kuchomoa plagi, na fundi wa simu wa Luthuli Avenue, hata awe hodari namna gani, huenda hajawahi kukutana na hizo. Mtafute mzee aliyetengeneza redio za vali. Bado wapo wachache, na watafurahi kuulizwa.

Wa stili ndio wana kazi rahisi: spika ya inchi 15, transista, wati kuanzia 150 kwenda juu, na kama ni Peavey ya mtumba kutoka Marekani, tazama kwanza kama nyuma imeandikwa 120 au 240.